Kete Isiyo na Upande

Sataranji ilikuwa imenichosha. Niliifundisha shuleni kwetu Kibimba miaka mingi, hata nikajua kila mwanafunzi atacheza nini kabla hajagusa kete. Nikamwomba jirani yangu, fundi seremala, anichongee kete moja ya ziada. Isiwe nyeupe wala nyeusi. Isimame katikati ya ubao, mchezaji yeyote aweze kuisogeza ili kuziba njia, ila isile kete ya mtu. Tukaiita Mgeni.

Fundi aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, akaoa hapa, uraia akapata. Alipomaliza kuichonga alisema kwa utani kwamba amejichonga mwenyewe. Nilicheka naye.

Sheria niliziandika mimi kwa kalamu nzito, tukazibandika kwenye mlango wa karakana yake, ambako watu walikuja kucheza. Kihangaza changu hakijali l wala r, na nikiandika haraka mkono hufuata ulimi. Nilikusudia kuandika, Mgeni hana haki ya kula. Niliandika kura.

Ulikuwa msimu wa kuandikisha wapiga kura. Watu walisoma, wakacheka, wakaanza kumwita fundi Mgeni. Nikadhani utani utapita, nikaona uvivu kurekebisha herufi moja. Uvivu huo naujutia mpaka leo. Wateja wake walipungua. Kisha mtu tusiyemfahamu akaipiga picha ile karatasi kwa simu, akaondoka bila hata kusalimia.

Jumatatu nikakuta karakana imefungwa. Mke wa fundi alikuwa uani anapepeta maharage. Alisema mumewe ameitwa ofisi ya uhamiaji na vyeti vyake vyote.

"Mwarimu, wewe ndiye uliyeandika," alisema bila kuinua uso. "Nenda ukawaereze."

Nilibandua karatasi nikaenda, hasira zimenipanda, maneno makali nimeshayapanga. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, bahasha magotini. Niliingia, nikamweleza karani habari za sataranji, za kula na kura, za ndimi zetu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akavuta karatasi tupu.

"Nimekuelewa, mwalimu. Na bibi yako mzaa mama, alizaliwa wapi?"

Bibi alivushwa mto Ruvubu kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Fundi anajua, nilimsimulia mwenyewe. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Hapa hapa," nilisema. "Sisi si wageni."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alisikia.