Miti ya Shiraa

Wanangu walikua wakisikia habari za nyumba yetu ya Amu, au Lamu kama wasemavyo wengine, mpaka wakachoka nazo. Paa likivuja kwetu Unguja, nilisema paa la Amu halikuvuja. Nikiona ukuta mtupu, nilisema kuta za Amu zilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na ndani ya kila kimoja sahani au bakuli la kaure. Mwanangu wa kiume, alipokwisha kupata ukarani na kujiona mtu mzima, aliniambia kwamba akizisikia zidaka tena atahama. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba tunapanda meli kwenda Amu, yeye na dada yake walidhani ninakwenda kuangalia zidaka zangu. Niliwaacha wadhani hivyo.

Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya Wazungu kuanza vita vyao vikubwa. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini, mjane, na Amu sikuikanyaga tangu nilipoondoka na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nakwenda kumwomba radhi mtu mmoja kabla kifo hakijamchukua yeye au mimi. Nilichomkosea sikuwa na uso wa kuwaambia wanangu.

Mama yangu mzazi hakuwa na maziwa. Nilinyonyeshwa na mjakazi wa nyumbani ambaye wiki chache kabla yangu alijifungua binti. Kwa sheria ya dini yetu jambo hilo si dogo: mimi na binti yule tulinyonya ziwa moja, kwa hiyo tulikuwa ndugu, na mama yake alikuwa mama yangu. Kwa sheria ya nyumba yetu, mimi nililala ghorofani kitandani na wao wawili walilala chini mkekani. Sikumbuki mtu hata mmoja, wa dini au wa dunia, aliyeona kwamba sheria hizo mbili zinagombana.

Wanangu niliwaambia nusu tu. Niliwaambia kwamba huko Amu wana mama mkubwa, ndugu yangu wa kunyonya, binti wa yule bibi aliyewalea. Binti yangu alifurahi. Bibi yule alimpenda sana, na alipofariki mtoto alikuwa na miaka tisa, akalia mpaka akapata homa. Alimnunulia mama mkubwa asiyemjua kitambaa cha hariri, akakikunja vizuri na kukitia udi.

Tulishuka asubuhi. Mwanangu alisimama pwani, akaniuliza, basi, nyumba iko wapi? Nikatazama mji wa kwetu, nikaona kwamba siujui.

Si kwamba niliusahau; sikupata kuujua. Wanawake wa nyumba kama yetu hawakutembea njiani wakaonekana. Tulipotaka kwenda kwa jirani tulipita juu, kwa wikio, chumba kinachovuka njia kikaunganisha nyumba na nyumba. Palipokuwa hapana budi kupita chini, tulitembea ndani ya shiraa. Hiyo ilikuwa nguo kubwa iliyotundikwa juu ya miti miwili, mjakazi mmoja akishika mti wa mbele na mwingine wa nyuma, na sisi katikati tukienda nayo kama watu waliomo ndani ya hema linalotembea. Nilichokiona cha mji wangu ni ardhi, kipande chenye upana wa mkeka. Mlango wa nyumba niliyojivunia miaka ishirini na tano sikuwahi kuutazama kwa nje.

Mwanangu alicheka. Akasema tumuulize mwenye duka. Nilimwambia kwamba mimi siulizi mtu njia ya kwenda kwetu, na nilisema kwa ukali hata wachukuzi wakageuka. Hasira ile haikumhusu yeye. Nilijiona mjinga, na ujinga ule niliuita uungwana maisha yangu yote.

Halafu nikafanya jambo lililowatia wanangu aibu. Nikavuta buibui langu mbele mpaka nisione ila miguu yangu, nikamwambia binti yangu anishike kiwiko, nikaanza kutembea. Ardhi niliijua. Palikuwa na mtaro wa maji ulioandamana na ukuta wa kulia, ukapinda. Palikuwa na vidato vitatu, cha pili kimelika upande mmoja. Kisha jiwe pana lenye alama ya kombe la pwani ndani yake. Nilipoliona jiwe lile machozi yalinitoka, nikahesabu hatua kumi na nne, nikasimama mbele ya kizingiti cha mti kilicholiwa katikati na nyayo za watu. Nikafunua uso. Kumbe mlango wetu ulikuwa mdogo, na nakshi yake ya kawaida tu.

Ghorofa haikuwapo. Boriti za juu zilioza zikaanguka baada ya kufariki ami yangu tuliyemwachia nyumba, na zidaka zangu zote zilikuwa kifusi kilichoota majani. Mwanangu alitazama juu penye mbingu, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Chini palikaliwa. Sauti za wasichana wadogo zilikuwa zikisoma Kurani kwa pamoja, na sauti moja ya mtu mzima ikiwasahihisha. Sauti zikanyamaza. Akatoka mwanamke mwembamba aliyejifunga mtandio mweupe, na usoni pake nikamwona mama yake, aliyeninyonyesha.

“Nimekuona kwa dirisha ukipita ukageuza kona,” aliniambia kwa Kiamu chetu, kinachosema y penye j na t penye ch. “Nikayua ni wewe. Mwendo haukugeuka. Karibu, mwana.”

Mwana ni neno la heshima, ndivyo wajakazi walivyotuita mabibi zao. Nilikuwa nimejiambia melini kwamba akiniita ndugu nitajua nimesamehewa kabla hata ya kusema. Nikajipa moyo kwamba neno limemtoka kwa mazoea. Sheria ya utumwa ilikwisha kufutwa kwao pia, hata mtoto alijua, na hakuna aliyemlazimisha.

Alitutandikia mkeka mpya. Alituletea kahawa na kaimati, akawapa wasichana ruhusa ya kwenda makwao, akauliza habari za safari kwa adabu isiyo na kasoro. Alitueleza kwamba Kurani aliijua kwa kusikia: mimi nilipokuwa nikisomeshwa juu, yeye alikuwa chini akitwanga, akahifadhi. Nusu ya juzuu nilizozisoma mimi nimezisahau. Yeye sasa nusu ya wasichana wa mtaa ule ni wanafunzi wake, na baadhi yao ni wa nyumba zilizokuwa zikitutembelea kwa wikio. Nilijitahidi kufurahi. Niseme kweli, sikufurahi; niliona kama nimeibiwa kitu, mimi niliyekuja kukiri wizi.

Na wizi wangu ni huu. Baba alipohamia Unguja alitaka kumwacha mjakazi yule na binti yake huko Amu, watunze nyumba chini ya ami yangu mzee. Mimi nikagoma kula. Siku mbili sikutia kitu mdomoni, nikilia kwamba bila mama yangu wa kunyonya siendi. Nikashinda. Lakini baba hakukubali kuwachukua wote wawili, akasema nyumba inataka mtu wa kuifagia, na akaamuru binti asiambiwe mpaka tuwe tumekwenda, asije akapiga kelele njiani tukaaibika. Mimi nilijua. Siku ya kuondoka tulitembea ndani ya shiraa, mimi na mama yangu wa kunyonya, na aliyeshika mti wa nyuma ni binti yake. Nakumbuka mama yule alivyojiziba mdomo kwa upindo wa nguo, akijikohoza. Mimi nilimshika mkono, nikafurahi kwamba ni wangu.

Hayo ni makosa ya mtoto, na pengine Mungu huyasamehe. Nilikuwa nikitafuta namna ya kuyaanza pale mkekani. Lakini yeye alitangulia, akauliza kwa sauti ile ile ya kuulizia safari:

“Mama alipoambiwa yu huru, hakutaka kuya?”

Nilisema alikuwa hajiwezi, maradhi ya kifua, na bahari ile, na pepo zile. Uongo ulikuja wenyewe, laini. Binti yangu akanikatiza. Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri anampa mama yake mkubwa zawadi kubwa kuliko ile hariri.

“Alitaka, mama mkubwa. Kila meli ya Amu ikitajwa alikuwa akifunga nguo zake. Mama alimwambia angoje niache ziwa, kisha angoje nipone surua, kisha angoje nikue kidogo. Akangoja. Alikuwa akisuka ukili wa mikeka huku akinihadithia habari zako, mpaka nikakuonea wivu.”

Mwanangu aliweka kikombe chini. Naandika hapa bila kujipamba: wakati ule nilimchukia binti yangu. Maana alichosema ni kweli tupu. Amri ya kuacha watumwa ilitoka Unguja nikiwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili, si mtoto aliyegoma kula. Mama yule alikuja kwangu asubuhi moja, akanieleza kwamba sasa yu huru na anataka kwenda kumwona mwanawe. Nami nilimsihi, nikamlilia, nikamwambia nani atanilelea. Nilijua kwamba hawezi kuyashinda machozi yangu. Nguvu yake niliijua tangu Amu.

Nikaona bora niseme sasa kuliko nisiseme kabisa. Nikamwambia yule ndugu yangu kwamba sikuja kutazama nyumba. Nilikuja kumtaka radhi, kwa siku ile na kwa miaka yote iliyofuata, na kwamba kwa haki ya ziwa lile moja nilikuwa nikimwomba asininyime.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitueleza habari ya siku ile kwa upande wake, akiwaelekea wanangu zaidi kuliko mimi. Alisema alishika mti wa nyuma kutoka mlangoni mpaka pwani. Alimsikia mama yake akikohoa ndani ya nguo, akadhani ana mafua, akapanga kumchemshia tangawizi atakaporudi. Maana aliambiwa mama anakwenda kumpandisha mwana chomboni tu, kisha arudi. Shiraa ilisogezwa hadi penye maji, ili tupande tusionekane. Hakumwona mama yake akipanda. Nguo ikakunjwa ikatiwa chomboni, na mjakazi wa mti wa mbele naye akapanda, na miti miwili akakabidhiwa yeye.

“Baba yako alinambia, rejesha miti nyumbani, mama yako yuwaya nyuma,” alisema. “Nikairejesha.”

Akainuka, akaingia chumba cha nyuma, yule mwalimu wa watoto wa watu. Tulisikia kitu kikiburutwa. Alitoka na miti miwili myembamba mirefu, imepakwa mafuta, safi, bila hata tundu la mchwa, katika nyumba ambayo boriti zake za ghorofani ziliozea juu ya kichwa chake. Alisema alikuwa akiipaka kila Ramadhani, mwanzo kwa sababu mama angeuliza, na baadaye, habari ya kifo chake ilipomfikia, kwa sababu ni amana na mwenye miti yu hai.

Akailaza mbele yangu juu ya mkeka.

“Nipe radhi, ndugu yangu,” nilimwambia.

“Tukua miti yako, mwana.”

Kisha akamgeukia binti yangu, akakipokea kile kitambaa cha hariri kwa mikono miwili, akakinusa, akamvuta kifuani na kumkumbatia kwa muda mrefu. Alimwuliza bibi alizikwa upande gani wa mji, na kaburi lina kivuli au halina, na nani alimwosha. Binti yangu alimweleza yote. Alimweleza hata kwamba waliomwosha ni waoshaji wa kukodi, kwa kuwa wanawake wa nyumba yetu hawakuwa wakiwaosha wajakazi. Niliyanyamazia hayo pia. Akamwambia mtoto arudi wakati wowote, hapo ni kwake. Mimi alinisindikiza hadi kizingitini, akanitakia safari njema, na mlango ukafungwa polepole, bila hasira, kama unavyofungwa mlango wakati wa kusoma.

Mwanangu alitaka kuibeba miti yote miwili. Nilimwambia achukue mmoja. Mwingine niliushika mwenyewe, umesimama, juu, jinsi unavyotakiwa kushikwa, nikatembea katikati ya njia uso wazi, watu wakinitazama. Nilipita jiwe lenye kombe, na vidato vitatu, na mtaro. Safari hii niliona na vingine: milango, mabaraza, dirisha la duka la vyuma, mwanamke akianua nguo darini. Njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyoikumbuka. Kabla sijafika nusu yake bega liliniuma, vidole vikafa ganzi, nikaubadilisha mkono, kisha nikaubadilisha tena. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, na wakati wa kurudi aliibeba yote miwili peke yake.