Kadi ya Wendell

Tangu baridi ya mwaka ule, Wendell Stroud hafungi ekzosi ya dukani kwenye injini yoyote bila kuipima kwa kadi aliyoikata kwenye boksi la nafaka. Hupaka grisi kwenye hedi, kichwa cha injini, akaigandamiza kadi hapo ili ichukue alama za matundu, kisha akailinganisha na mdomo wa bomba jipya. Madereva wa mji wa Minot humcheka.

"Mzee, unaoka keki?" alisema Tanner siku moja, mwenye gari lililokuwa likitengenezwa, akipuliza viganja. "Boliti zimeingia zote. Kaza, nina safari."

Wendell alimsukumia kadi usoni. Tundu la bomba lilikuwa limepishana kidogo na tundu la hedi.

"Hapo hata kucha haipiti! Gasketi itaziba."

"Itaziba wiki mbili. Nilimfungia kaka yangu Harlan ekzosi ya hivihivi, tena nikatanua matundu ya boliti kwa tupa ili ikubali. Theluji ikamkwamisha njiani, akaacha injini inawaka apate joto, akasinzia. Asubuhi nikamkuta moshi uliovuja kwenye mwanya kama huu umemmaliza."

Tanner aliutazama ule mwanya.

"Mbona mwembamba hivi," alisema kwa sauti ya chini.

"Harlan alikuwa pande la mtu," Wendell akasema. "Na alipita hapo."