Bastola ya Mkoba wa Marlys

Jumamosi ile Verlin Stroud alikuja kwenye mashindano ya klabu yetu ya shabaha, kule nje ya mji wa Sedalia, na bastola ndogo ya marehemu mkewe. Alimnunulia miaka tisa iliyopita, duka lao lilipovamiwa, na Marlys akaibeba mkobani kila siku mpaka saratani ilipomchukua mwezi wa tatu. Haikuwahi kufyatua hata risasi moja.

"Leo babu katuletea kiberiti!" mwenzetu Cletus akamtania, nasi tukacheka kama wajinga tulivyo.

Rhonda, msimamizi wetu, akabonyeza saa yake ya mashindano, ikalia kumwashiria aanze. Verlin akavuta kifyatulio. Bastola ikasema ta, basi; risasi haikutoka. Akaikoki tena, akavuta tena. Ta.

Rhonda akatoa risasi, akaifungua bastola juu ya meza. Tundu la pini inayogonga risasi lilikuwa limeziba kabisa kwa mafuta ya zamani yaliyogandamana na unga wa rangi ya waridi.

"Hii si poda ya uso?" akasema. "Verlin, chuma hiki kimekufa siku nyingi. Nikusafishie?"

Verlin akaugusa ule unga kwa kidole, akakinusa.

"Alikuwa anafunga duka peke yake," akasema. "Kila jioni ananipigia simu, 'Verlin, njoo unichukue.' Mimi nimejilaza kwenye kochi, natazama mpira. Namjibu, 'Woga wa nini, mke wangu? Si bastola unayo?'"