Kona ya Kijito Niliyoikata

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote ni la mito. Nilikuwa nachora ubaoni kijito kinachojipinda, kisha naeleza: ukingo wa nje wa kona huliwa na maji, wa ndani hupokea mchanga, na kona yenyewe hupunguza mbio za maji. Mwanafunzi aliyesahau hayo nilimsimamisha mpaka kengele igonge. Leo nikikumbuka, natamani ardhi inimeze.

Kiwanja changu kiko Mshangano, na kijito kinapita chini yake. Nilipohamia, kilijipinda pale kwangu kama mkono ulioshika kiuno, kikazunguka kipande cha udongo mweusi, mzuri ajabu. Kustaafu kulinipa muda, na muda ukaniletea tamaa. Kiangazi kimoja, maji yakiwa ya kufika kifundo cha mguu, nilichimba mfereji kukata ile kona. Siku tatu, jembe na chepe. Sheria inayokataza kulima karibu na maji nilikuwa naijua, nayo nimeifundisha. Mvua zilipoanza, maji yakafuata njia fupi, kona ikakauka, nikapanda kabichi na kujiona mjanja.

Chini yangu anakaa mama mmoja mjane, mtu mzima kuliko mimi, aliyehamia kutoka Madaba na visiki vya mianzi ndani ya kiroba. Alivipanda ukingoni mwake, vikawa kichaka. Kila masika hugema ulanzi, na pombe hiyo ndiyo chumvi yake, sabuni yake na michango yake ya jumuiya. Asubuhi nikipita kwake nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, mwalimu wangu." Niliizoea sauti ile kama chai ya asubuhi.

Masika ya pili, maji niliyoyanyoosha kwangu yalifika kwake na nguvu zote, yakaugonga ukingo moja kwa moja. Nusu ya kichaka ikaenda na maji, vyombo vya kukingia ulanzi vikiwa bado vimefungwa kwenye mianzi. Akaniita.

"Mwalimu wangu, wewe umesoma. Haya maji yamekuwaje?"

Nilitazama mizizi inayoning'inia. Jibu lilikuwa hatua mia mbili juu yetu, nyuma ya migomba yangu, mahali ambapo watu hawapiti. Nikasema, "Ni mabadiliko ya tabianchi, mama."

Alilishika neno lile. Majirani walipokuja kwa msaragambo kupanga viroba vya mchanga ukingoni, kila mmoja alimwambia, "Mwalimu wangu kasema ni tabianchi." Nami, bila haya, nikawa naelekeza kiroba kipi kikae wapi, na watu wakanishukuru. Viroba havikumaliza hata wiki mbili.

Jumapili moja baada ya misa alikuja kwangu na kisiki cha mwanzi, amekifunga kwa tambara lenye maji. Alikuwa amekichimba kwenye kile kichaka kilichobaki.

"Panda na wewe, mwalimu wangu. Maji haya yasije yakala na kwako."

Nilikipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo uongo uliponishinda kuubeba. Nikampeleka nyuma ya migomba, nikamwonyesha kona kavu na kabichi zangu zilizonona.

"Maji yalikuwa yanazunguka huku, mama. Mfereji ule nilichimba mimi. Ndio uliokula mianzi yako."

Aliziangalia kabichi.

"Na ile tabianchi?"

"Nilikudanganya."

Alikitoa kisiki chake mikononi mwangu, taratibu, akashuka nacho kwake.

Nimeng'oa kabichi. Nimejaribu kuziba mfereji kwa mawe, lakini maji yameshajichimbia chini kuliko ile kona ya zamani, na maji hayapandi mlima. Hilo nalo nimelifundisha. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikasema yote. Wengine walicheka, mwenyekiti akakohoa, nikastahimili. Nimepanda matete kwenye ukingo wake, naye hakunikataza wala hakunishukuru.

Asubuhi bado napita njia ile ile. Namkuta uani na ufagio wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," anasema, na kuendelea kufagia.