Jicho Moja, Si Mawili

Wivine huchomelea milango ya chuma mtaa wa Mapendo, hatua chache kutoka meza yangu ya maandazi. Mteja akimuuliza mwanamke huyu fundi yuko wapi, humjibu, "Unasema naye."

Jicho lake la kulia lilipokuwa jekundu, kila mtu alikuwa na jibu. Muzee Sikuli, aliyemfundisha kazi, alimwekea vipande vya viazi vibichi, kama mafundi wafanyavyo wakichomwa na mwanga wa mashine. Mimi nilimwambia apumzike. Kwa watu wasiojua kitu, tulikuwa na uhakika wa ajabu.

Alipumzika wiki mbili, na jicho likazidi. Mchana alijifunika kitenge usoni kwa kuogopa jua. Siku moja nilimpa kikombe cha chai, akanyoosha mkono akashika hewa. Nilicheka nikidhani ananitania. Nilipomwona usoni, nikaogopa.

"Twende kwa munganga wa macho," akasema.

Kwenye kliniki ya macho, Docta Rodrigue aliona makovu ya cheche mikononi mwake, akaanza kuandika dawa kabla hatujakaa vizuri. "Ni soudure, mama, ile moto ya kuchomelea. Uvalake miwani."

Wivine hakuinuka. "Docta, moto ya soudure inachomaka macho yote mbili. Mimi naumwa moja tu. Na niko na wiki mbili sijagusa mashine. Angalia tena."

Nilitamani kujificha chini ya kiti. Lakini daktari aliweka kalamu, akawasha chombo chake na kuchungulia ndani ya jicho kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali lililotushangaza: je, viungo vinamuuma? Na ngozi?

Wivine akakunja mikono ya shati. Viwiko vilikuwa na magamba meupe, vidole viwili vimevimba, kucha zina vishimo. Miaka minne alikuwa akilaumu nyundo kwa vidole na vumbi la chuma kwa ngozi. Daktari alisema yote ni ugonjwa mmoja, psoriasis, ulioanza kwenye ngozi, ukaingia kwenye viungo, na sasa umewasha moto ndani ya jicho. Tungeendelea kungoja, angeweza kupofuka.

Alipewa matone ya kutia kila saa, na barua ya kwenda kwa daktari wa viungo. Jicho lilipona, ila pembeni lilibaki na ukungu. Alinuna siku mbili, akarudi kazini. Mimi bado naona aibu kwa zile wiki mbili.

Mwezi uliopita, mteja akiwa amesimama pale anadai mlango wake, jicho la kushoto likaanza kuuma.

"Maliza kwanza, mama," Muzee Sikuli akamwambia. "Mutu anangoja."

Wivine akazima mashine. "Malizia weye, muzee. Mimi naenda."

Nilizima jiko nikamfuata. Docta Rodrigue akachungulia ndani ya jicho, akauliza limeanza lini.

"Leo," Wivine akajibu. "Saa ine."