Kapteni Neville na Foleni Yake

Kapteni Neville Tranter wa Mildura, mji mdogo wa Australia, alikuwa mkaidi, tena mkaidi wa kuudhi, na bado nampenda. Niliruka naye miaka mingi nikiwa rubani msaidizi wake. Katika kampuni yetu ndogo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa ukongwe, na kwetu marubani ukongwe ndio kila kitu. Wa kwanza huchagua safari na sikukuu, wa mwisho huokota makombo. Ukihama kampuni unaanza mkiani mwa foleni ya ukongwe, hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi.

Neville alitaka kitu kimoja tu: kulala nyumbani. Macho ya mkewe, Glenys, yalikuwa yanafifia.

Basi ikaja sheria mpya, marubani wa kampuni mbalimbali wakaruhusiwa kuwadai waajiri wao mkataba mmoja kwa pamoja. Majirani zetu wa kampuni ya pili wakatualika tuungane nao. Tukakutana kwenye karakana ya ndege, pai za nyama mkononi.

"Mnataka kuniwekea watu mbele yangu!" Neville akafoka. "Nafasi hii nimeingoja nusu ya umri wangu."

"We mzee," nikamjibu, "nani kaigusa nafasi yako? Tunadai pamoja tu. Foleni, kila kampuni inabaki na yake."

"Hebu nyamaza, Bronwyn! Leo wanataka meza, kesho watataka kiti changu."

Wenzetu wakacheka, wakamfuata. Kura ikatushinda sisi tuliotaka kuungana. Mimi nikahamia kwa majirani kwa hasira.

Majirani wakapata mkataba wao: rubani hahamishwi kituo bila ridhaa yake. Kule nilikotoka, tajiri akafunga kituo cha Mildura. Neville akaambiwa ahamie Darwin, kaskazini ya mbali, au aondoke. Angempelekaje Darwin Glenys, anayeijua nyumba yake kwa kupapasa kuta? Akaacha kazi, akaja kwetu. Mkiani.

Krismasi ikamwangukia yeye kulala mji wa Adelaide. Nikamkuta uwanjani anakata simu.

"Nipe mimi hiyo safari, Nev."

"Una watoto wadogo. Nenda nyumbani."

"Glenys amesemaje?"

"Amenisifu. Nimemwambia mimi kapteni mkuu nimeamua kuwaachia vijana sikukuu." Akainama, akafunga begi lake. "Hajui kama nimeshuka kuwa rubani msaidizi, Bron. Nikirudi hunipapasa mistari ya cheo begani, kwa hiyo navaa shati langu la zamani la ukapteni garini."

Moyo uliniuma, jamani. Nikalibeba begi lake mpaka kwenye ndege.