Kigari cha Kwenda Kibombo

Lile tangazo niliandika mimi mwenyewe, kwa chaki, kwenye ubao wa stesheni ya Kindu: treni kutoka kusini itafika Ijumaa, na itageuza Jumamosi. Ndiyo kazi yangu. Mimi ni karani wa reli, na kwa mkono huuhuu nimeshafuta Ijumaa nikaandika Jumatatu, nikafuta Jumatatu nikaandika "mtatangaziwa". Kama kuna mtu mmoja katika mji mzima ambaye hakupaswa kuliamini tangazo hilo, ni mimi. Nikaliamini. Niliomba konje, likizo yangu ya mwaka, nikafungasha nguo za watoto watatu, nikachukua permi, ile karatasi inayompa mfanyakazi wa reli na watoto wake safari moja ya bure, nikaenda kukaa na mizigo yangu kama abiria asiyejua lolote.

Tulikuwa tunakwenda Kibombo, kwa mama yangu. Vakansi ya shule ilikuwa imeanza, na watoto walijua tu kwamba wanakwenda kula mananasi ya bibi. Mimi nilikuwa na haraka nyingine. Macho ya mama yalikuwa yanakwisha. Daktari wa huko alimwambia ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kufa hairudi. Kila mwezi alichokiona kilipungua pembeni, mpaka akawa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Na mwanangu wa mwisho, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa hajamwona hata siku moja. Nilimtumia picha yake. Akanipigia simu siku hiyohiyo.

"Hii photo mie siioni, mutoto wangu. Leta huyu mutoto nimuone, kabla macho haijaisha yote."

Mume wangu yuko Kampene, anawauzia wachimbaji chumvi na sabuni. Naye alipiga simu kutoa ushauri, kama kawaida yake akiwa mbali.

"Panda motari, mama. Motari mbili, siku moja unafika."

Nilimuuliza kama anajua bei ya pikipiki mbili mpaka Kibombo. Alikuwa anaijua. Nilimuuliza tena kama karo ya shule ya Septemba ataleta yeye, au tutawapeleka watoto shuleni kwa pikipiki hizohizo. Akasema mtandao unakatika. Zaidi ya hayo, niseme ukweli, nilikuwa na kiburi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alitoka Kasai kuifuata kazi ya reli, na mimi ni wa reli. Mtoto wa reli alipe pikipiki kwenda mahali ambapo reli inafika? Afadhali nikae.

Basi nikakaa. Ijumaa haikuja na treni, wala Jumamosi. Hatukuwa peke yetu. Familia kama kumi zilikuwa zimetandika mikeka chini ya paa la stesheni, kila moja na mbabula yake, jiko la makaa. Watoto wangu walistarehe kuliko siku yoyote ya maisha yao. Binti yangu mkubwa, wa miaka saba, aliwapanga wenzake katika mabehewa yaliyooza kwenye reli ya pembeni na kuwafundisha shule. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, alikula kwenye masufuria ya watu wote bila ubaguzi. Mimi nilikuwa nahesabu siku za konje, huku nikimfikiria mama na tundu lake la ufunguo. Siku ya tano mwenzangu wa ofisini alitoka na kitambaa chenye maji, akafuta maandishi yangu mbele ya macho yangu. Kichwa cha treni kilikuwa kimekufa huko kusini, na hakuna aliyejua kitapona lini. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko habari yenyewe. Nikalia palepale, kwa sauti, na ofisi nzima ikasikia.

Aliyenijia ni kapita, msimamizi wa watu wa njia, mzee aliyekaribia kustaafu. Watu wa njia ndio wanaokaza boliti na kufyeka majani kwenye reli, na kila kundi lina sehemu yake ya njia. Likifika mwisho wa sehemu halivuki.

"Baba yako angekuwa amekwisha kufika," akasema. "Kesho tunapeleka boliti na kigari. Hakuna treni ku njia. Panda na watoto. Sharti unalijua."

Nililijua. Wakati wa vita treni ilikoma kabisa. Nilikuwa na umri kama wa binti yangu sasa. Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, bila mshahara na bila treni, akapaka mafuta vyuma ambavyo havikuwa vinakwenda popote. Risasi zilipofika mtaani kwetu Kindu, alituchukua mimi, mama na mdogo wangu, akatupandisha kwenye kigari cha watu wa njia, ubao tu juu ya magurudumu manne ya chuma, na kundi la kwanza likatusukuma mpaka mwisho wa sehemu yake. Pale likatukabidhi kwa kundi la pili, na la pili kwa la tatu, mpaka Kibombo. Mama alikaa mbele, kwa sababu kulikuwa na mahali reli ilikuwa imefunguliwa boliti, na yeye ndiye aliyekuwa anaona mbali. "Simama!" alipiga kelele mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyemdai baba kitu. Watu wa njia hawapokei pesa kwa mtu wa reli. Sharti lao ni moja: anayepandishwa anapika. Mama alipika mchele wa watu wale safari nzima.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya sita nilinunua mchele, mawese, chumvi na samaki wakavu, nikawapandisha wanangu kwenye kigari. Nilimfunga mdogo mgongoni, na yule wa kati nikamfunga kiunoni kwa kitenge, ncha ya pili nikaifunga kwangu, maana namjua. Wanaume wawili walisukuma kwa kukimbia, miguu yao ikiruka kutoka taruma moja hadi jingine, na kila tulipofika mteremko walirukia nyuma na kukaa. Binti yangu alipiga makelele ya furaha mpaka nikamkemea. Muda kidogo baadaye na mimi nilipiga. Upepo ulikuwa mzuri, pembeni kulikuwa na mashamba ya mpunga ya watu, na wanawake waliokuwa shambani waliinua mikono kutusalimu. Ni kweli nilikuwa na wasiwasi wa mama, lakini nilikuwa na raha pia, na sioni sababu ya kuificha.

Mchana kundi la kwanza lilifika kwenye jiwe lake lenye rangi nyeupe na kusimama, kana kwamba mbele kuna ukuta. Kundi la pili lilikuwa linangoja. Kapita wao alikagua sufuria zangu kabla ya kunikagua mimi.

"Mama, iko pilipili?"

"Iko."

"Sawa. Panda."

Nilipika kwenye kambi yao, na jioni tukalala katika nyumba ya kapita, na mke wake alinikataza kabisa nisioshe vyombo. Nilidhani ananiheshimu, kumbe alikuwa ameshaona jinsi ninavyoosha.

Siku ya pili, kabla ya saa sita, tukiwa mahali pa msitu, yule aliyekuwa anasukuma upande wa kushoto aliinua mkono. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye chuma. "Shuka!" akasema. "Treni!"

Sikuamini. Nilisema hakuna treni, kichwa chake kimekufa, mimi ni karani. Walinishusha kama gunia. Watoto wakatupwa kwenye majani, mizigo ikafuata, na wanaume wakakiinua kigari na kukiegemeza kando. Sufuria ya samaki ndiyo peke yake iliyosahauliwa juu ya reli. Halafu ikapita, treni yangu, ile niliyoiandika kwa chaki, ikielekea Kindu na watu hadi juu ya paa. Nilisimama kwenye majani mabichi na kuitukana kwa lugha zote ninazozijua, ya baba na ya mama. Dereva alinitambua. Alipiga honi mara tatu na kunipungia mkono, mjinga yule, akidhani nimetoka kuja kumsalimu.

"Mama, treni yetu!" alisema mwanangu wa kati, akiruka kwa furaha.

"Si yetu," nikamwambia.

Ingefika Kindu, ingekaa kupakuliwa, ingegeuza, na pengine ingetukuta tumekwisha kufika, pengine isingetoka tena kwa wiki mbili. Nilifanya hesabu hiyo nikiokota samaki. Kisha nikacheka, na wanaume wale wawili, waliokuwa wananiogopa kidogo tangu matusi yale, wakacheka pia. Jioni yake tulikula samaki wenye mchanga.

Tuliingia Kibombo siku ya tatu alasiri, mvua ikinyesha. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, karibu na stesheni, uso ameuelekeza mvuani. Nilipomsalimu aligeuza kichwa upande ambao sikuwapo. Nilimwekea mtoto mapajani. Akamshika, akamnusa shingo, akaanza kuimba jina la ukoo wake, lakini hakumtazama.

"Sasa hapana," alisema. "Kama jua haiko, mie sioni kintu. Kesho saa sita."

Sikupata usingizi vizuri. Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, na nilikaa mlangoni nikilitazama wingu kama mdai. Nilikuwa na siku chache tu kabla ya kurudi kazini. Je, nilizipoteza zile siku tano za stesheni kwa kiburi changu, na hizi zilizobaki zingekwisha kwa mvua? Lakini saa tano jua lilitoka, na saa sita lilikuwa linachoma. Mama alibeba kigoda chake mwenyewe mpaka katikati ya ua. Niliwaosha watoto nyuso, nikawapaka mafuta.

Alimwita wa mwisho kwanza. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamweka mbele ya jicho lake la kulia, lililobaki likiona, karibu sana, pua kwa pua. Kwa kuwa hakuweza kuuona uso mzima, aliutazama kipande kipande: jicho moja, jicho la pili, pua, mdomo, sikio. Mtoto alilia, akavuta kitambaa cha kichwa cha bibi yake, na mama akaendelea tu.

"Hii pua ni ya baba yako," akaniambia. "Masikini. Hii mudomo ni ya kwetu."

Kisha akamwita wa kati, aliyetoa ulimi ili nao uonekane. Kisha binti mkubwa, aliyesimama wima kama askari. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nimetulia. Nilijisemea kwamba safari imefanya kazi yake, na kwamba sasa naweza kwenda kuangalia mchele jikoni. Nikageuka.

"Na weye?" mama akaniita.

"Mie nini, mama?"

"Kuja, kaa hapa."

"Mie unanijua, mama. Tazama watoto kwanza, jua litaondoka."

"Watoto nimeona. Wale nitawajua kwa sauti, wako wadogo, sura yao itabadilika tu." Alinyoosha mkono kunitafuta, na mkono ulikuwa unapapasa mahali ambapo sikuwapo. "Mie niliomba mutoto, sababu kama ningeomba weye, ungesema kazi iko mingi. Miaka tatu haujakuja. Mutoto wangu ni weye."

Hivyo ndivyo ningesema. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kigoda chake, nikaweka uso wangu katikati ya mikono yake, juani. Alianza na paji, akashuka polepole, na hakuwa na haraka.